Mvua Daraja la Kwanza na Mama wa Kona

Mie ni fundi simu, na fundi simu asiyeshuku watu hafiki mbali. Mtu anakuletea simu anasema imezima yenyewe tu, ukiifungua maji yanatiririka. Mwingine anaapa simu ni yake, ukimwomba namba ya siri anaanza kuangalia barabarani. Miaka yote niliyokaa kwenye kibanda changu pale Shanwe nimejifunza kumsikiliza mteja kwa adabu, kisha kufungua mwenyewe nione. Tabia hiyo nikaibeba mpaka nyumbani Nsemulwa. Mke wangu akisema chumvi imeisha, nilikuwa naenda kutikisa kopo. Siku hizi akisema hivyo ananiletea na kopo lenyewe, ananiwekea mbele, anaondoka.

Kazi yangu ya pili ni kuandika hadithi za kubuni za sayansi. Hapa Mpanda ukisema hivyo watu wanacheka kwanza, halafu wanauliza ni sayansi gani hiyo inayoandikwa na mtu asiyemaliza kidato cha nne. Sijali. Nimeandika vijitabu kumi na moja. Vinachapwa kwenye duka la steshenari karibu na kibanda changu, vinatolewa kopi, vinabanwa pini mbili pembeni, na jalada lake ni karatasi ngumu ya kijani. Cha kwanza kilihusu treni iliyofika stesheni yetu ikitokea siku zijazo, imejaa abiria ambao bado hawajazaliwa, na mkuu wa stesheni anakataa kuwashusha kwa sababu hawana tiketi za mwaka huu. Cha pili kilikuwa cha viboko wa mto Katuma waliomeza redio. Niliandika hicho nikiwa kijana, kina makosa chungu nzima, na ndicho wanafunzi wanachokiulizia mpaka leo, jambo ambalo huwa linanikera.

Vile vya mwanzo, ukweli, vilikuwa na mashine nyingi kuliko watu. Nilikuwa naeleza nati na waya mpaka msomaji analala. Kuanzia kijitabu cha nane, watu wakaanza kusema nimeiva. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia kwamba sasa hata mashine zangu zina aibu na njaa. Nikavimba kichwa, siwezi kukataa. Nikaanza kualikwa kuzungumza na wanafunzi, na vijana wakawa wanakuja kibandani kuomba ushauri. Nawaambia wasianze na chombo cha angani, waanze na kero: maji, foleni ya zahanati, mbolea iliyochelewa. Mashine ije baadaye, tena iletwe na mtu anayeihitaji sana au anayeiogopa. Na rasimu wasimpe mtu akae nayo, maana watu si wa kuaminiwa.

Ushauri mkubwa kuliko wote nilikuwa nautunza wa mwisho. Nilikuwa nawaambia: mtazameni msikilizaji mikono.

Hiyo niliitoa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani. Dada yangu mkubwa ameolewa huko. Mume wake, kama wengi wa kule, wazazi wake walikuja wakikimbia mauaji Burundi, yeye akazaliwa hapahapa. Wanalima mahindi na tumbaku. Tumbaku ikishatoka kwenye bani la kukaushia inalazwa bandani ilainike kidogo, halafu akina mama wanakaa kwenye turubai wanaichambua jani kwa jani. La chini huku, la kati kule, lenye madoa pembeni, lililoungua kwake. Hapo ndipo daraja linapopatikana. Ni kazi ya macho na mikono, masikio hayana shughuli, na mie nikayatafutia shughuli.

Kila Jumamosi asubuhi ya msimu wa kuchambua nilikuwa napanda pikipiki, naenda na daftari, nakaa juu ya gogo mlangoni, nasoma sura moja. Wakati nasoma, natazama mikono. Mikono ikipunguza mwendo, naweka alama ya nyota kwa kalamu. Ikisimama kabisa, jani limeshikwa hewani, naweka nyota mbili, hapo sigusi hata neno. Ikiharakisha na mtu akaanza kuulizia watoto wa jirani, ukurasa ule nauchana. Shemeji yangu alilalamika kwamba hadithi zangu zinamchelewesha kupeleka tumbaku, lakini dada akamwambia watu wanawahi kuja kazini kwa ajili ya hizohizo hadithi.

Mwisho wa sura nilikuwa nauliza, "Haya akina mama, nini kitafuata?" Mwenye wazo anatupa lake. Naandika yote pembeni ya ukurasa, naandika na aliyesema. Vijana niliwaeleza sababu: ukishajua msikilizaji anadhani nini, wewe unapita njia nyingine. Nilikuwa naamini hivyo kabisa. Ungenikata mkono ningesema hivyohivyo.

Sasa, ndani ya banda lile kulikuwa na mama mmoja ambaye mikono yake haikusimama hata siku moja. Mama wa makamo, mwembamba, ana sweta la kijivu, anakaa kona ya karibu na mlango kwa sababu ndiye anayeaminika kutofautisha rangi na pale ndipo penye mwanga. Tulimwita mama wa kona. Mie aliniita shemeji, kama wote wa upande wa mume wa dada. Wenzake wakiwa wameshika vinywa, yeye majani yanapita tu, huku, kule, pembeni. Nilisoma sura ambayo mapacha wanaanguka kutoka angani, mama mmoja akalia waziwazi, yeye hata jicho hakuinua. Nikiuliza nini kitafuata, anajibu kwa sentensi moja, bila kunitazama, anaendelea. Machale yakanicheza mapema. Nilijisemea huyu ama ananidharau, ama kuna namna.

Mwaka jana ndipo mambo yalipopamba moto. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alipata kijitabu changu cha kumi kupitia yule mwalimu. Akaniandikia barua. Anataka riwaya nzima, yenye jalada halisi na mgongo wenye jina langu. Nilikuwa nayo mkononi: Mvua Daraja la Kwanza. Siku zijazo mvua haianguki ovyo. Inakusanywa kwenye banda kubwa angani, inachambuliwa na wasichana, ile safi inapelekwa kwa wakubwa, ile yenye vumbi na kutu ndiyo inaangushwa kwetu. Binti mmoja mchambuaji anagundua kwamba daraja la kwanza lote linavunwa juu ya kijiji chake mwenyewe. Sura kumi na sita. Nilikuwa nimeandika mpaka ya kumi na tatu.

Barua ilikuwa na sharti moja lililonikosesha usingizi. Hadithi isiwe imewahi kutolewa popote, kwa maandishi wala kwa sauti, na nisaini fomu kwamba ni kazi yangu mwenyewe. Nikawaza nyota zangu na banda langu. Nikajituliza: wachambuaji wa tumbaku kumi na wawili si kutoa, ni kama kuongea na familia. Lakini kuanzia siku ile nikaanza kuwahesabu akina mama wanaoingia. Nikaanza kuzunguka na mfuko wa madaftari hata nikienda chooni. Miaka zaidi ya ishirini nimeandika, nimechekwa, na mlango umefunguka mara moja. Nisingekubali mtu auchezee.

Wiki mbili baadaye mama wa kona akaja kibandani Shanwe. Simu yake haichaji. Nikamwambia aache, arudi kesho. Alipoondoka nikaifungua, nikakuta tundu la kuchajia limejaa vumbi la tumbaku, nikalisafisha kwa brashi. Dakika kumi, kazi imekwisha. Ikabaki kujaribu spika. Fundi hasikilizi mambo ya wateja, lakini spika lazima ijaribiwe, na unacheza sauti yoyote unayoikuta mbele. Iliyokuwa mbele ilikuwa meseji ya sauti, ndefu, ya yeye mwenyewe.

Ilikuwa Kirundi, na Kirundi mie sijui zaidi ya salamu. Anaongea kwa raha, anapandisha, anashusha, anacheka. Sikuwahi kumsikia hivyo. Halafu katikati ya Kirundi kile nikasikia, kwa Kiswahili safi, mvua daraja la kwanza. Akaendelea. Tena, daraja la kwanza. Nikaiweka simu chini. Nikapekua, naungama, nilipekua. Zilikuwa meseji nyingi, karibu kila siku, zote zinakwenda namba moja ya Burundi.

Nikasema si bure. Ndiyo maana mikono haisimami: mtu anayekariri hana muda wa kushangaa. Anachukua hadithi yangu, anaivusha mpaka, huko kuna mtu wa redio au mtu wa kitabu, mwezi ujao itatoka kwa jina jingine na mie nitaonekana mwizi wa kazi yangu mwenyewe. Mambo hayo yote yalinijia kichwani kwa mpangilio mzuri kabisa. Hadithi hiyo ingepata nyota mbili.

Kesho yake alipokuja nilimwambia kuna kifaa kimekufa, nimeagiza Tabora. Ulikuwa uongo mtupu, na niliusema nikimtazama usoni. Akauliza kitachukua siku ngapi. Nikasema kinategemea basi. Akasimama kidogo, akauliza kama naweza kumwazima simu yoyote ndogo, hata mbovu, apige mara moja tu. Nikamwambia sina. Nyuma yangu zilikuwa zimepangwa saba.

Nikaipeleka ile simu kwa dada yangu. Dada hakupenda, aliuliza simu ya mtu nimeitoaje kibandani, lakini nilimbana mpaka akasikiliza meseji mbili. Akaanza kutabasamu, jambo lililozidi kunichoma.

"Ni ile ya kwako," akasema, "ya mvua. Ila hapa binti ameshikwa na msimamizi, anaulizwa jina. Anataja jina la bibi yake aliyekufa, na mashine inampitisha, maana mashine haijui kufuta wafu. Hii hukutusomea."

Hiyo ilikuwa sura ya kumi na tatu. Sikuwa nimemsomea mtu yeyote, hata mke wangu. Kwa hiyo mama yule alikuwa anafungua mfuko wangu. Lini? Nikakumbuka uji. Dada huwa ananipa kikombe cha uji uani kabla ya kusoma, na zamani, kabla sijapata akili ya kuzunguka na mfuko, nilikuwa nauacha kwenye gogo. Nikataka dada aendelee kutafsiri. Akanirudishia simu. "Haya ni maneno ya mtu na mama yake mzazi," akasema. "Mengine msikilize mwenyewe kama unajua lugha." Neno hilo la mama mzazi likanipita sikioni bila kusimama. Nilishaamua.

Jumamosi nikaenda bandani. Sikukaa kwenye gogo. Nikasimama katikati ya turubai, nikasema, "Humu ndani kuna mtu anaiba hadithi zangu anauza nje, na simu yake ninayo."

Nikaitoa mfukoni, nikaiinua. Wote wakamtazama mama wa kona, na mikono yake ikasimama. Ndiyo mara ya kwanza kuiona imetulia, imeshika jani zuri la kati, la manjano, halina doa. Nikafurahi kwa ubaya, nikasema moyoni nimemshika.

Akaliweka jani mahali pake. "Simu imepona?" akauliza.

"Imepona."

"Ilipona lini?"

Yeye mwenyewe akahesabu. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mama yake alirudi Burundi pamoja na waliorudi, yeye akabaki kwa sababu ya watoto. Mama ni mzee, haoni tena, hana wa kumsimulia. Kila jioni anamtumia kipande cha hadithi, na mama anamjibu asubuhi yake kwamba kimemfika. "Siku tisa hajanisikia," akasema. "Nilipoomba simu ya watu jana, nikamkuta amewaambia majirani wanitafutie padri anisomee misa. Alidhani nimekufa, shemeji."

Dada yangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Mie nikiwa na aibu huwa nakuwa mkali, ndiyo kasoro yangu, kwa hiyo nikasema kwa sauti kwamba hayo ya mama nimeyasikia, lakini sura ya kumi na tatu aliipata wapi kama si kwenye mfuko wangu.

Akanishangaa kweli. "Si ulituuliza?" akasema. "Ulituuliza nini kitafuata. Nikakwambia."

Nikampa simu yake, nikawasha pikipiki. Njia nzima nilikuwa namjibu peke yangu kwa maneno makali. Nitamwonyesha. Ninayo madaftari yote, nimeandika aliyesema nini na siku gani. Nitayafungua, nitakuta hakusema kitu cha namna hiyo, nitarudi nayo bandani nimsomee mbele ya wote.

Nyumbani nikayamwaga mezani. Nikaanza na lile la mvua. Mwisho wa sura ya kumi na mbili, pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe na wino wangu wa bluu: wa kona, atataja jina la bibi aliyekufa, mashine haijui kufuta wafu. Chini yake nilikuwa nimeandika makisio ya wengine sita, na yale nilikuwa nimeyapiga mstari kuyakata. Lake sikulikata. Sikumbuki kulisoma tena. Nakumbuka tu kwamba wiki ile niliamka na wazo, nikajiona nina akili nyingi, nikamwambia mke wangu anipikie chai ya maziwa kwa sababu nimepata sura nzuri.

Nikarudi nyuma. Sura ya kwanza kabisa ya riwaya, kabla haijawa riwaya. Nilikuwa nimewasomea hadithi nyingine, ya kiwanda cha mawingu, hadithi mbovu imejaa mabomba. Pembeni: wa kona, hata mvua si wataichambua kama hii tumbaku, nzuri iende kwao. Nikakaa kitini.

Nikachukua kijitabu cha kumi na moja, nikachukua daftari lake. Cha kumi. Cha tisa. Cha nane, kile walichosema nimeiva, ambacho ndicho cha kwanza kukisoma bandani. Wa kona: mashine iombe msamaha kwa mjane, isitengenezwe. Wa kona: mtoto asirudi, irudi ndala moja. Wa kona, wa kona, wa kona. Kila mahali nilipoweka nyota mbili, pale mikono ya wenzake iliposimama, ilikuwa sentensi yake iliyopita kwangu ikatoka imevaa nguo zangu. Ndiyo maana mikono yake haikusimama. Alikuwa anajua kinachokuja.

Nilijaribu kujitetea, msidhani niliinamisha kichwa haraka. Nikasema wazo si hadithi, mwenye kazi ni anayekaa akaandika. Nikasema kila mwandishi anaokota. Ni kweli, na mpaka leo nasema ni kweli. Lakini mie sikuwa nimeokota, maana kilichookotwa hakina mwenyewe, na hapa jina la mwenyewe nilikuwa nimeliandika pembeni kwa mkono wangu. Mke wangu akapita, akatazama meza, akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijui. Nilianza kujishuku mie mwenyewe kuanzia siku ile, na kuishi na mtu unayemshuku ambaye ni wewe ni adhabu.

Jumatatu nikarudi Katumba na kopi ya ile fomu ya mchapishaji. Nilikuwa nimeongeza mstari kwa kalamu: kazi hii ni ya watu wawili. Nafasi ya sahihi yangu, nafasi ya sahihi yake. Nikamkuta kona yake, nikachuchumaa, nikaomba msamaha mbele ya wenzake wale wale, nikaurudia, maana mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri. Akaitikia kwa kichwa. Nikamsogezea karatasi na kalamu.

Hakuigusa. "Karatasi nazijua, shemeji," akasema. "Baba alisaini ya kukaa. Akaja mwingine, akasaini ya kuhama. Akaja mwingine, akasaini ya kutohama. Mama akasaini ya kurudi, nami nikasaini ya kubaki. Wote walioleta walichuchumaa hivyohivyo, na sura ya upole."

"Hii ni ya kukupa haki yako."

"Nazo zilikuwa za haki." Akachukua jani, akalitazama kwenye mwanga. "Juzi hadithi ilikuwa yako peke yako, mie mwizi. Leo ni yetu wote, nisaini. Kesho ikitokea kesi huko Dar, karatasi itasema nini? Jina langu usiliweke mahali popote. Usiliweke kabisa."

Nikamwambia ananishuku bure. Nilisema hivyo, mie, kwa mdomo wangu, na mama mmoja aliyekuwa pembeni akakohoa kuficha kicheko.

Nikabaki nimechuchumaa. Ilikuwa imebaki wiki tatu kabla ya tarehe ya mchapishaji, na sura mbili zilizofuata niliweza kuzijenga kutokana na makisio yake mengine ya pembeni mwa daftari, lakini ya kumi na sita sikuwa nayo. Binti amesimama kwenye mlango wa banda la angani, mvua ya kijiji chake imo mikononi, nyuma wanamkimbilia. Sikujua anafanya nini. Nilikuwa nimekaa na sentensi hiyo mwezi mzima.

"Mama yako umeshamsimulia mwisho?" nikauliza.

"Jana. Alikuwa anadai."

"Akasemaje?"

Uso wake ukalainika kidogo, lakini si kwa ajili yangu. "Alicheka mpaka wakaja kumtazama kuna nini."

Alicheka. Katika sura zote nilikuwa naipeleka hadithi ile kwenye kilio, na bibi kizee kipofu ameufikia mwisho akacheka. Nilitamani kuujua mwisho ule kuliko nilivyotamani jina langu kwenye mgongo wa kitabu. Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia inaomba, "Binti anafanya nini pale mlangoni?"

Akaniinulia macho. Nilidhani ataniambia.

"Majani yananikaukia, shemeji," akasema, akageukia kazi yake.

Sikuuliza tena. Nilikuwa na njia nyingine ya kuupata mwisho ule, maana namba ya Burundi nilikuwa nimeiona na kuikumbuka, na kibandani wanakuja wateja wengi wanaojua Kirundi. Niliiwaza njia hiyo kwa siku mbili, nikaona uchafu wake, nikaiacha. Sijisifu kwa hilo, nilishachelewa kujisifu. Nikakaa chini nikaandika sura ya kumi na sita mwenyewe. Nilimfanya binti aimwage mvua yote juu ya kijiji, watu watoke nje, waimbe, mzee mmoja apige magoti. Nilieleza vizuri na mashine inavyovunjika, nati kwa nati. Nilisaini fomu ileile ya kwanza, isiyo na mstari wa kuongeza, kwa jina langu, nikaituma. Bandani sijasoma tena tangu hapo. Nilimwachia dada nakala aisome kama akina mama wataitaka, naye akaniambia hawajaiulizia.

Jibu la Dar lilikuja baada ya miezi minne. Nililisomea kibandani, nimesimama, mteja ananisubiri. Wamekipenda kitabu, wanakichukua. Wamesifu huruma yake, wamesifu jinsi ninavyowajua watu wa chini. Wana tatizo moja tu, wakaniomba nisichukie. Sura ya mwisho, wanasema, inasomeka kama imeandikwa na mtu mwingine, mtu mgeni kabisa na hadithi hii. Wanaomba mwandishi mwenyewe airudie.

Nilimrudishia mteja simu yake bila kuitengeneza. Katika kitabu kile chote, hiyo ndiyo sura pekee niliyoiandika mwenyewe.